Koti la Kapita Mtarajiwa

Jumatatu, 15 Septemba
Habari kubwa! Papa André, kapita anayetusimamia sisi wabebaji pale bandarini, anastaafu Jumamosi. Siku hiyohiyo tutachagua mwingine. Nani kama si mimi, Wilfried? Miaka kumi na minne mgongo huu unabeba simenti! Mpinzani ni mmoja tu, Urbain, na huyo hata kupiga mluzi hajui.

Jumanne, 16 Septemba
Urbain kafunga turubai kando ya ghala, kaweka madumu ya maji. Anataka kila saa tukae kivulini, tunywe. Kisa, muuguzi wa zahanati kasema jua la mwezi huu linaangusha watu. Aibu gani hii! Nimetangaza kwamba mimi sikai kivulini kama mama aliyejifungua jana. Watu wakacheka. Bila shaka wananiunga mkono.

Jumatano, 17 Septemba
Nimewaza. Mkubwa hutambulika kwa mavazi. Nimenunua koti la sufu sokoni, jeusi, zito, la watu wa nchi za baridi. Mke wangu Evodie kauliza kama nimeitwa Ulaya. Kesho nalivaa kazini.

Ijumaa, 19 Septemba
Naandika kwa shida. Jana nilibeba mifuko kumi na mmoja na koti langu, mpaka saa sita, bila tone la maji. Sura ya uongozi kabisa! Kisha, wanasema, niliishukuru kreni kwa kunipigia kura. Nikaanguka. Urbain alinibeba kivulini, akanivua koti, akanimwagia maji ya ziwa, akanipepea na kartoni mpaka pikipiki ikaja kunipeleka zahanati. Muuguzi kasema wangechelewa kidogo, Evodie angekuwa mjane. Evodie kalia. Kasema sikio la kufa halisikii dawa. Niliogopa sana. Nasema hapa tu.

Jumamosi, 20 Septemba
Kura ya mikono. Urbain ishirini na tisa, mimi mmoja. Wangu. Baadaye Urbain kanifuata. Akasema: "Papa Wilfried, wewe njo mwenye unajua namna jua linaanza kumukamata muntu. Ukae kivulini, utuangalilie wenzako." Kumbe nimepewa cheo: mlinzi wa wenzangu dhidi ya joto! Moyo umepoa. Huyu Urbain si mtu mbaya.

Jumapili, 21 Septemba
Nimewaza wakati wa misa. Chini ya turubai nani ataniona? Mwenye cheo lazima aonekane. Kesho nitawalinda nikiwa juani, juu ya rundo la mifuko, kutwa nzima.