Mizunguko Kumi na Tisa kwa Salamu Maria Moja

Katika bonde letu lote la Aguafría hakuna mwanamke anayejua fizikia kunishinda. Nimeisomea miaka miwili mfululizo: mwalimu wa fizikia amepanga chumba kwangu, hujisomea kwa sauti, na ukuta wetu ni wa udongo. Shule yenyewe niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililirudia.

Jumamosi tulikuwa kwenye benchi la duka la Nubia, tunakunywa kahawa. Redio alikuwepo. Jina lake ni Abelardo, ila hutembea na redio kwapani, na betri zikiisha huendelea na taarifa ya habari mwenyewe. Alikuwepo pia Custodio, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza kinu cha miwa, kikafanya kazi siku mbili.

"Tulieni," Redio akasema. "Kinu kipya cha ushirika kimefika! Wanasema rola zake zinazunguka radiani moja nukta tano saba kwa sekunde."

"Radiani ndiyo nini?" Nubia akauliza.

"Mzunguko," Injinia akajibu. "Mzunguko uliovaa tai."

Saa sita mchana mwenyekiti wa ushirika, Doña Ofelmina, alikuwa aje kumtangaza fundi wa kinu, na aliyeomba kazi ni Injinia peke yake. Miwa yangu ilikuwa ya kwanza kwenye foleni, imekatwa tangu jana. Muwa uliokatwa haungoji mtu. Siku ya tatu unachacha, na uliochacha hautoi sukari guru, unatoa aibu.

Injinia akaandika kwa kidole juu ya meza. "Moja nukta tano saba, mara sekunde sitini. Tisini na nne kwa dakika!"

"Sema kwa Salamu Maria, watu waelewe," Redio akamwambia.

Kwetu kinu hakipimwi kwa saa. Unafunga kitambaa chekundu kwenye rola, unasali Salamu Maria moja, unahesabu kitambaa kimepita mara ngapi. Mara tatu, kinu kizima. Mara nne, fundi amelewa.

"Dakika moja ina Salamu Maria tano, za mtu asiye na haraka," Injinia akasema. "Kwa hiyo ni mizunguko kumi na tisa kwa Salamu moja."

"Mama yangu!" Nubia akajishika kichwa. "Si kitarusha miwa mpaka parokia ya pili?"

"Ndiyo maana mnanihitaji. Nitafunga puli kubwa, nikipunguze mwendo mara sita."

Hapo nikashindwa kuvumilia. "Nubia, nipe sinia na mkasi."

Nikakata uzi wa aproni yangu, urefu wa kutoka katikati ya sinia hadi ukingoni. Nikaulaza kwenye ukingo, nikaurudia, nikaurudia. Uliingia mara sita, kikabaki kipande kidogo.

"Uzi mmoja ndiyo radiani moja," nikasema. "Mzunguko mzima ni nyuzi sita na kipande. Kinu kinakwenda uzi mmoja na nusu hivi kwa sekunde. Kitamaliza mzunguko baada ya sekunde ngapi?"

Redio akahesabu kwa vidole. "Nne."

"Na Salamu Maria ni sekunde ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi?"

"Mara tatu," Nubia akasema. "Mwendo ni uleule wa kinu cha zamani!"

"Hilo ni sinia, bibi," Injinia akadakia. "Rola ni kubwa. Utapata wapi aproni ya kuitosha?"

"Rola ikikua na uzi unakua. Sita na kipande hazibadiliki." Nikarudia kwa kisosi. Sita na kipande. "Wewe ukikipunguza mara sita, kitapita nusu mzunguko kwa Salamu Maria. Muwa wangu mmoja utamaliza rozari nzima."

"Debe tupu," Nubia akanong'ona, bila kusema ni debe la nani.

Injinia akasimama, akavuta suruali juu. "Sikutaka kusema, kwa heshima ya watu wazima. Lakini mimi leo alfajiri nilikuwa kwenye banda la kinu. Nimekiwasha kwa mkono wangu. Nimefunga kitambaa, nimesali, nimehesabu. Kumi na tisa! Sasa mtaamini uzi wa aproni au macho ya Mkristo?"

Nikaliangalia sinia. Nikauangalia uzi. Nakiri, kwa kitambo nilimwonea huruma mwalimu wangu wa ukutani.

"Macho ni macho," Redio akasema kwa unyonge.

Ndipo Doña Ofelmina akatokea, matope hadi magotini.

"Nahitaji nyumbu sita na wanaume wowote mlionao," akasema, bila salamu. "Kilima kimeporomoka kule darajani tangu jana jioni. Lori limekwama ng'ambo na kinu chote, hata skrubu moja haijavuka."

Nubia akaweka birika chini. "Bandani hakuna kitu?"

"Bandani kuna kuku wangu. Kwani vipi?"

Sote tukamgeukia Injinia. Alivua kofia, akaikagua ndani kama mtu aliyepoteza sindano.

"Custodio," nikamuuliza kwa upole, "kilichozunguka mara kumi na tisa kilikuwa nini?"

"Kulikuwa na giza," akasema.