Uzinduzi wa Nyasi za Bwana Idarus

"Wananchi wote wa Amu wanatangaziwa kwamba kiwanja cha nyuma ya soko kitaota nyasi na maua ya mwituni, na kwamba kuota huko kumeidhinishwa."

Tangazo hilo alilisoma mwenyewe Bwana Idarus, mkurugenzi wa Kitengo cha Urejeshaji wa Uoto wa Asili Mjini. Kiwanja kilikuwa jaa la vifusi tangu jengo la zamani libomolewe. Bi Huwaida na wanawake wa mtaa waliviondoa vifusi kwa punda, wakaenda kuchuma mbegu porini karibu na kijiji cha Matondoni, wakazimwaga hapo. Bwana Idarus alichangia mwelekeo wa kimkakati, yaani alisimama kivulini akionyesha kwa kidole.

Masika yakanyesha. Asubuhi ya uzinduzi mkurugenzi aliwahi kufika, amevaa suti ya sufu kwenye joto lile, akakuta balaa. Bango lake la uzinduzi lilionyesha maua mekundu makubwa yaliyopangwa mistari. Hapa palikuwa na majani ya kufika magotini, na vimaua vya manjano na zambarau vidogo kama vifungo vya shati, vimeota bila utaratibu wowote.

"Magugu," akanong'ona. "Hujuma."

Mgeni rasmi alikuwa tayari yumo botini. Hakukuwa na muda wa kuunda kamati. Bwana Idarus akaingia mwenyewe, akang'oa kwa uzalendo. Punda waliokuwa wakipita wakamalizia.

Bi Huwaida akatokea na birika la kahawa, wenzake nyuma yake.

"Bwana Idarus, wafanyani?"

"Nasafisha, Bi Huwaida. Maua yenu yapate nafasi."

"Hayo uloshika ndiyo maua."

Akatazama kiganjani. Nyuki mmoja alikuwa bado anahangaika na kimaua kimoja. Alitamani kujificha, lakini nyasi za kujifichia alikuwa amekwisha kuzing'oa. Bi Huwaida hakumgombeza. Aliweka birika chini, akafuta macho kwa ncha ya buibui, na hilo likamchoma mkurugenzi kuliko matusi.

Mgeni rasmi akawasili. Akalitazama bango, akaitazama ardhi.

"Uoto wenyewe uko wapi?"

Bwana Idarus akafungua kinywa kueleza awamu ya pili. Bi Huwaida akamtangulia.

"Uko suruwalini mwake."

Kweli. Kuanzia vifundoni hadi kiunoni, mbegu za nyasi zenye vijimiba zilikuwa zimeng'ang'ania sufu ile. Mgeni alikuwa ametoka mbali na wapiga picha walikwisha kujipanga. Akaamuru utepe uzungushwe kwenye kiuno cha mkurugenzi, akaukata, akapigiwa makofi.

Kisha akatoa mwongozo: mkurugenzi atembee kiwanjani akijikung'uta mpaka eneo lote lifikiwe, chini ya usimamizi wa Bi Huwaida.

"Rudi pale pembeni," Bi Huwaida alimwambia, huku akijimiminia kahawa. "Pale hujapukuta."

"Sawa, Bi Huwaida," akasema mkurugenzi, akaenda.