Shemeji Kabatini na Sifa za Kujiunga na Chuo

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeapa: nitasoma shahada! Kwa mtandao, nyumbani, tai juu na kaptura chini. Miaka kumi na tisa nimesimamia ufuaji wa hospitali hii. Sasa cheo cha mkuu wa usafi kinatafuta mtu mwenye shahada, au angalau aliyekwisha kupokelewa chuoni. Bwana Stoo, anayegawa sabuni kana kwamba ni urithi wa babake, alipokelewa tangu mwaka jana. Kaniambia mbele ya watu kuwa duniani kuna watu wa kalamu na watu wa sabuni. Nilicheka. Nilicheka vibaya sana.

Nimesoma sifa za kujiunga. Cheti cha kidato cha nne: ninacho. Barua ya msimamizi wa kazi: itapatikana. Kufaulu hesabu... Hesabu na mimi tuliachana zamani, bila hata talaka. Lakini chini kabisa, kwa maandishi madogo: aliyefeli atafanya jaribio la maswali kumi na tano mbele ya kamera. Pasi ni maswali tisa. Mlango huo!

Jumanne, 4 Machi

Ili nisimsumbue matroni, msimamizi wangu wa kazi, nimemwandikia barua ya kunisifu mimi, yeye atie saini tu. Nguzo ya hospitali. Baba wa usafi. Ameisoma akiwa amesimama, akauliza marehemu ni nani.

Kisha akaandika yake. Mistari miwili! Kwamba nafika mapema, na kwamba sijawahi kukosea kipimo cha sabuni wala dawa. Nimeituma hivyohivyo, moyo unaniuma.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa ya hesabu. Mdogo wa mke wangu ni mwalimu wa somo hilo. Mimi nitasoma swali kwa sauti, shemeji atabisha kutoka ndani ya kabati: mara moja ni A, mara nne ni D. Alikataa mara tatu. Nikamkumbusha nani alimbebea makochi hadi ghorofa ya nne. Akakubali shingo upande.

Mke wangu kasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hanijui.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tatu kamili. Kwenye skrini akatokea mama mwenye miwani, akaniomba nizungushe kamera chumba kizima. Nikazungusha. Kabati limefungwa, safi. Nikasoma swali la kwanza kama mtangazaji wa redio. Ko, ko. B! La pili: ko. A! Raha iliyoje! La tano: ko kumi na saba. Nikapiga moyo konde, nikachagua D, maana ndiyo ya mwisho.

Kisha kimya. Swali la sita nikalisoma mara mbili, nikakohoa, nikalisoma tena. Kimya! Ikabidi nilitazame mwenyewe. Lita moja ya dawa kwa lita kumi na tano za maji; je, lita mia moja na tano? Lo, hilo si pipa la wodi ya wazazi? Saba! Yaliyofuata yote nikayageuza shuka na sabuni, nikaenda hivyo hadi mwisho, yatima wa watu.

Nikafungua kabati. Shemeji kalala fofofo juu ya mablanketi, tangu kabla ya swali la kwanza. Aliyekuwa akibisha ni fundi seremala wa jirani, na katikati ya jaribio alikwenda kunywa chai. Nimekwisha mimi. Nimekula chakula cha mchana kitandani.

Jumatano, 12 Machi

NIMEPOKELEWA! Maswali matano ya kwanza, sifuri. Kumi ya mwisho, yote kumi! Chuo kimeisifu hata barua ya matroni. Mke wangu kapiga vigelegele hadi fundi akaja na nyundo mkononi kuuliza kulikoni. Nimelia, sifichi. Bwana Stoo kanipa mkono, mkono wa baridi, lakini kanipa.

Mke wangu na shemeji wanasema yale kumi niliyapata kwa akili yangu mwenyewe. Watu wakarimu sana! Lakini mimi kasoro naijua. Mtihani wa hesabu wa muhula wa kwanza chuoni ni mwezi wa Juni. Fundi ameahidi siku hiyo hatapiga msumari, na shemeji nitamnywesha kahawa nzito kabla hajaingia kabatini.