Kamati Imenipanga Kiti Kimoja na Mkwe Wangu

Gehandu, Hanang

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Safari ya Familia, ambaye pia ni mwanangu Baltazar,

Marahaba. Nimeitikia mapema kwa sababu shikamoo yako huwa inachelewa. Anayeandika ni jirani yangu Tekla. Mimi shule niliiona kwa nje tu. Nimemwambia asilainishe neno.

Ratiba ya kwenda kwenye kile kiwanja kikubwa cha mabembea huko Dar nimesomewa yote. Kamati imejitahidi. Sasa napeleka malalamiko, na yasomwe kikaoni kwa sauti.

1. Kwenye lile gari linalopanda juu na kuwageuza watu miguu angani, mnakaa wawili wawili, na mimi mmenipanga na Hilary. Hilary, mume wa dada yako Agatha! Miaka kumi na moja mkwe wangu huyo hajaniona nikitafuna. Akija naingia jikoni, tunasalimiana ukuta ukiwa katikati, na tunapendana sana. Leo anione napiga mayowe, kitenge kimenifunika uso? Na nikimkumbatia kwa hofu je? Wazee watakaa siku ngapi kulisafisha hilo?

2. Nasikia pale getini watoto wanapimwa urefu kwenye ubao, mfupi anarudishwa. Hata mbuzi mnadani hukaguliwa hivyo, ila mbuzi hakuahidiwa kitu tangu Pasaka. Naomba ipimwe heshima. Asiyejua kuamkia asipande. Najua nusu ya kamati itabaki nje, kuanzia mwenyekiti.

3. Mnasema safari ni ili wajukuu wafahamiane. Hapa kwangu wangefahamiana kwa siku moja ya kukamua na kuchota maji, tena wakiwa wima. Lakini wewe tangu mavuno ya mwaka juzi hujakanyaga hapa, na hata siku hiyo ulishinda ukipokea simu. Umeshindwa kupanda basi uje kwa mama yako, sasa unataka kumpandisha mama yako angani!

4. Kwa hiyo siendi. Na nisipokwenda mimi, haendi mtu. Kamati nimeivunja leo asubuhi, baada ya kukamua. Disemba mje wote hapa. Anayetaka sana kugeuzwa miguu juu, fahali wa mzee Margwe atamhudumia bila foleni.

Nisalimie mkeo Eva, watoto wote mmoja mmoja kwa jina, na Agatha. Hilary msalimie kwa mbali.

Ni mimi mama yako, nikupendaye kwa hasira,
Kornelia
(dole gumba langu hili hapa)

N.B. Hiyo ya kuvunja kamati usimwambie mtu. Suruali ya kuvaa ndani ya gauni nimeshanunua mnadani. Muuzaji aliniuliza ni ya mjukuu yupi, nikamwambia apime kiuno changu anyamaze. Kwenye lile gari nipange na wewe, mbele kabisa. Tekla ameniulizia: huko juu hakuna kupokea simu.