Mashine Iliyochaguliwa kwa Kupendeza Kwake

Kwa Daktari Godefroid,
Mkurugenzi, Maabara ya Tumaini Jipya, Likasi

Mheshimiwa Daktari,

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mashine kubwa inajua zaidi kuliko ndogo. Nimefundisha biolojia mjini hapa miaka thelathini na minne, na kosa hili nimelisahihisha hadi wino mwekundu ukaniishia. Sikutegemea kulikuta katika kamati yenu ya kuchagua mashine, yenye madaktari wawili. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Wafadhili waliwaletea mashine mbili za kusoma DNA, mchague ipi ifanye kazi na ipi ikae akiba. Nieleze taratibu, ndivyo nilivyozoea. Ile kubwa kama friji husoma uzi wa DNA uliokatwakatwa vipande vifupi, kama mawe ya machimbo ya Kakontwe. Husoma mamilioni ya vipande kwa pamoja na hukosea mara chache sana, lakini hutaka siku nzima ya umeme usiokatika. Ile ndogo hutoshea kiganjani. Hupitisha uzi mrefu katika tundu jembamba. Hukosea herufi hapa na pale, lakini sehemu ileile ikisomwa mara nyingi, makosa mengi hujitenga. Jibu hutoka kwa saa chache, na betri ya kompyuta yaitosha. Nani hapa Likasi amewahi kuona umeme wa siku nzima?

2. Kamati haikuuliza hayo. Iliuliza ipi itapendeza kwenye kikwembe cha sherehe. Desturi yetu naijua: hatuna jubilei wala uzinduzi usiochapishiwa kitambaa chenye picha. Picha ya ile ndogo ilionekana kama kiberiti, basi ikashindwa. Nilipokwenda kuomba mbadilishe, Mama Albertine, mkuu wa sherehe, alinipa kiti, akanipa maji, akanijibu kwa upole: "Papa, bikwembe bimeisha kushonwa." Hivyo sayansi yetu sasa inaamuliwa na fundi cherehani.

3. Mashine kubwa imezimika katikati ya kazi mara tatu, na mara zote tatu sampuli ya mjukuu wangu Shekina ilikuwa ndani. Ana miaka kumi na tisa na kifua kikuu. Huu ni mwezi wa tatu anameza dawa, na bado anakohoa damu. Tunataka kujua jambo moja tu: ni dawa zipi ambazo vijidudu vyake haviziogopi tena. Hadi hapo anameza kwa kubahatisha, na anakwisha.

4. Ikiwa ukubwa ndio elimu, naomba rasmi wauguzi wenu wapime homa kwa bomba la paa.

5. Na kwa kuwa wewe mwenyewe, Daktari, ni mwembamba, naomba ukurugenzi apewe mlinzi wa lango. Ana kilo mia na ishirini, na kwenye kikwembe angejaa vizuri sana.

Wasalimie wote maabarani, wa darubini na wa ufagio, na mlinzi kwa namna ya pekee.

Ni mimi mwalimu mstaafu,
Stanislas Kabamba

N.B. Nimeisoma barua hii kabla ya kuifunga, nikaona nimeficha jina la mwenyekiti wa kamati. Ni mimi. Madaktari wenu wawili waliitaka ile ndogo, mimi ndiye niliyewaambia, "Kale kamashini kadogo, tutaonyesha ba nani?" Watu wakacheka, kura zikanifuata. Sahihi yangu kwenye uamuzi ule naiondoa. Sampuli ya Shekina imekwisha kutayarishwa: itieni katika mashine ndogo leo.