Nilimtegea Binti Yangu Polisi, Nikanasa Mimi

Leo nimejikamatisha mwenyewe. Sikusingiziwa, sikuonewa. Nilipanga kila kitu, nikapaka wanja, nikaenda kukamatwa. Na wewe unayeanza kucheka kabla sijafika popote, nakuona.

Mnamjua Aisha wangu. Ana miaka kumi na minane. (Mimi nina thelathini na tano. Hesabu fanyeni kimyakimya.) Tangu amalize mitihani ya sekondari hana wimbo mwingine ila gari. Baba yake yuko Juba na biashara yake, gari limebaki na mimi hapa Arua, na mtoto ameona hiyo ndiyo nafasi. Jumatatu nimesimama Ediofe, karibu na kanisa kuu, nachagua nyanya, nikaona gari linapita. Nikasema moyoni, kumbe kuna mwingine mwenye gari lenye mlango mmoja wa rangi tofauti. Halafu nikaona anayeendesha amevaa kitambaa changu cha kichwa.

Nyanya nilimwachia mwenye nyanya.

Niliyoyasema nyumbani siku hiyo hayaandikiki. Hayakusaidia pia. Aisha alinisikiliza mpaka nikachoka, kisha akasema, "Mama, hata kurudi nyuma najua." Hapo nikajua maneno peke yake hayatamwingia.

Msinilaumu. Niliogopa. Mwaka jana mtoto wa jirani alilaza gari la baba yake mtaroni kule Dadamu, na mpaka leo anatembea na fimbo. Kila akipita mbele ya nyumba yangu na ile fimbo, namwona Aisha.

Sasa, mimi ni mtoto wa mwanajeshi wa Koboko. Kwetu mtoto akishindikana hapigwi, anatafutiwa afande. Baba yangu alikuwa anamwita mwenzake wa kambini na sare kamili, anasimama mlangoni, anauliza kwa sauti ya pipa, "Nani hapa amekataa kuosha vyombo?" Niliosha vyombo mpaka nikaolewa. Dawa iliyoponya haitupwi.

Nikampigia Salume. Salume tulikaa dawati moja, sasa ni askari wa trafiki, na wiki hii anakaa kwenye kizuizi cha barabara ya Koboko, mbele kidogo ya Ombaci. Tukapanga. Nampa Aisha usukani, tunakwenda kumsalimia babu yake Koboko. Salume anasimamisha gari, anauliza pamiti (leseni ya kuendesha, kwa nyinyi mlio mbali). Mtoto hana. Salume anawaka, anataja jela, mimi namwombea mtoto msamaha huku nalia. Mtoto anaapa hatarudia. Tunabadilishana viti, tunakwenda kula.

"Nilie kiasi gani?" nilimuuliza.

"Kidogo tu. Ukizidisha utanichekesha."

Leo asubuhi nikamtupia Aisha ufunguo. "Utaendesha wewe mpaka Koboko."

Akaniangalia. "Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Tuwekeane sharti. Polisi akikusimamisha ukatoka salama, huo ufunguo ni wako, sitakuuliza tena. Ukishindwa, nisisikie neno gari mpaka uolewe."

"Apa."

Nikaapa. (Kwa jina la Mungu, mbele ya kuku wa jirani.)

Akaingia ndani, akatoka na mkoba, akazunguka gari, akainama mbele, akainama nyuma. Nikadhani anaangalia matairi. Mimi nilikuwa nahangaika na sufuria la wali na nyama, nalikaza kwenye kiti cha nyuma lisimwagike.

Njiani nikampa somo la bima. Nilitaka akifika kwa Salume awe ameiva.

"Unaiona hiyo stika ya bima kwenye kioo?"

"Naiona, Mama."

"Haikujui wewe. Ukimgonga mtu huna pamiti, hao wa bima wanakuja kudai nyumbani. Wanachukua hata godoro."

"Ndiyo, Mama."

"Bima si hirizi."

"Ndiyo, Mama."

Upole ule ulipaswa kunishtua. Mimi nikaona hofu imeanza kufanya kazi. Na mtoto anaendesha vizuri, hilo msimwambie.

Tukapita Ombaci. Kizuizi kile pale. Salume hayupo. Yupo afande mmoja mzee, mrefu kama mlingoti, masharubu yamechanwa. Nikamtafuta Salume kila upande, halafu nikaelewa: Salume ameona yeye hatishi vya kutosha, ameleta mtu mwenye masharubu. Nikamshukuru kimoyomoyo.

Afande akanyoosha mkono, tukasimama. Akaja dirishani kwa Aisha. "Habari ya safari."

Nikamkonyeza.

Akanitazama. Nikamkonyeza tena, polepole, aone vizuri.

"Mama, jicho yako iko na shida?"

"Hapana, afande. Wewe fanya kazi yako." Nikaanza sehemu yangu. "Huyu mtoto hana pamiti. Ni mkaidi. Mfunge."

"Iko mtoto ya nani?"

"Wangu."

"Na hii gari nani alimupa?"

"Mimi."

Akaangalia gari, akaniangalia mimi. "Sasa wewe ulimupa gari, ukamuleta hapa, halafu unasema mimi nimufunge?"

"Hata wiki mbili. Ale ugali bila mboga."

Nyuma yetu basi la Koboko lilikuwa limesimamishwa, madirisha yote vichwa. (Vikumbukeni hivyo vichwa. Nusu yake nimekua navyo.)

Nikamgeukia Aisha nione machozi. Hakuna machozi. Alifungua mkoba wake, akatoa kitu, akampa afande kwa mikono miwili. "Hii pamiti yangu ya mwanafunzi, afande. L ziko mbele na nyuma."

Pamiti ya nini? Nilishuka. Nikaenda mbele ya gari. Herufi L nyekundu, alama ya dereva mwanafunzi, imebandikwa imenyooka kama imepigwa rula. Nikaenda nyuma. Nyingine.

"Baba alinisaidia kuipata, kwa simu," Aisha akasema dirishani. "Jumatatu nilitaka nikuambie, ukanianzia na habari za nyanya."

"Jumatatu ulikuwa peke yako garini."

"Nilikuwa na mwalimu wa udereva, Mama. Mtu mzima mwenye koti, alikaa pembeni yangu. Hukumwona?"

Mimi niliona kitambaa changu tu.

Afande akamrudishia pamiti. "Hii mtoto iko sawa. Lakini mwanafunzi lazima akae na mutu mwenye pamiti kamili. Ni nani?"

"Mimi," nikasema. Kiburi kilikuwa kimebaki kidogo, nikakitumia chote hapo. Nikatoa yangu, ile yenye picha ya enzi nilipokuwa na shingo.

Akaisoma. Akaigeuza. Akaisoma tena, kidole kwenye tarehe.

"Mama, hii ilikufa mwaka jana."

"Itakufaje, na jana nimeendesha nayo?"

Basi zima likacheka. Hata kondakta, ambaye kazi yake ni kuangalia mizigo.

"Basi jana umeendesha na maiti," afande akasema. Akainama kuangalia kioo. "Stika ya bima iko sawa. Lakini ungegonga mutu na hii pamiti yako, bima wangekuja kudai kwako nyumbani."

"Wangechukua hata godoro," Aisha akasema, macho mbele.

Nilidhani hapo ndiyo mwisho wa aibu. Pikipiki ikafika mbio, ikasimama katikati yetu, akashuka Salume, sare imekaa upande, kofia mkononi.

"Mama Aisha, nisamehe, boda imepata pancha njiani. Mtoto ndiye huyu? Nianze kumtisha?"

Masharubu yakageuka taratibu. Salume akayaona. Akapiga saluti na mkono ulioshika kofia.

"Salume. Unatisha nani?"

"Hakuna mutu, afande."

Aisha alikuwa ananitazama mimi. Hakukasirika, na bora angekasirika. "Mama, ulinipangia?"

Mbele ya basi, mbele ya polisi wawili na mwenye boda, nikasema ukweli. "Niliogopa. Yule mtoto wa fimbo simtoi akilini."

"Si ungeniuliza tu," akasema. "Hata mimi namwogopea yule mtoto. Ndiyo maana nikatafuta mwalimu."



Afande akaniandikia karatasi ya faini, mwandiko mzuri, hakukosea hata jina. Kisha akatoa hukumu. "Salume, wewe iko na pamiti, na leo iko na muda wa kucheza. Kaa mbele na mwanafunzi, mufikishe Koboko, urudi na basi. Mama, wewe nyuma."

Nyuma. Na sufuria. Ilibidi nilipakate.

Basi lilikuwa limetutangulia. Tulipofika kwa baba yangu, habari zilikuwa zimeshakaa kwenye mkeka na kunywa chai. Shangazi zangu wamejipanga uani. Gari linaingia, mjukuu kwenye usukani, polisi na sare pembeni yake, mimi nyuma nimekumbatia sufuria. Shangazi mmoja akaanza kulia. "Wamemkamata na chakula chake."

Baba akasimama wima. Ana miaka mingi, lakini akiona sare mgongo unanyooka wenyewe. "Afande, ripoti."

Salume akapiga saluti, safari hii mkono mtupu. "Mzee, mtoto iko na pamiti. Mama hana."

Baba akanitazama kuanzia kitambaa mpaka viatu. Kisha akaitoa ile sauti, ya pipa, ambayo sikuwahi kujua naye anayo:

"Nani hapa amekataa kuosha vyombo?"

Nimeosha. Vyetu vyote, na masufuria ya jirani ambaye hata hakualikwa. Naandika haya mikono bado ina sabuni.

Ufunguo uko kwenye mkoba wa Aisha. Niliapa, na kuku wameshuhudia. Kesho mwalimu wake anakuja na basi la asubuhi kuturudisha Arua, na mimi lazima nifike ofisi ya pamiti kufufua maiti yangu. Nimeomba lifti. Aisha amekubali, kwa sharti moja: nisimkonyeze mtu njiani.