Mguu Usiokanyaga Chini

Jumatatu, 12 Agosti

Kidonda kimepungua! Mwezi uliopita kilikuwa shimo chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kipana kama kifuniko cha chupa ya bia. Leo kimebaki kama punje ya mahindi. Muuguzi Colette alikisafisha, akakitazama sana, akasema kinachokiponya si dawa peke yake. Ni kile kiatu kirefu cha plastiki, cha kufunga kwa mikanda, kinachozuia uzito wangu usikibane. Nisikivue. Sukari imeua hisia za mguu, alisema, kwa hiyo nisingoje mguu uniambie. Mfupa ukioza watakata kidole, na kidole hakiendi peke yake.

Mimi nilisikia neno "kimepungua." Jumapili ni sikukuu ya parokia.

Kiatu hicho nimekiita Askofu. Kinakwenda polepole na kila mtu anakipisha. Lakini kucheza hakijui.

Jumanne, 13 Agosti

Siku nzima dirishani, mguu juu ya kigoda. Vumbi la kiangazi limefunika ziwa. Kisiwa cha Idjwi hakionekani, mitumbwi inaelea hewani. Nikasinzia. Nikaota natembea juu ya maji, mguu hauna uzito hata wa unyoya, kikapu cha sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, kichwani, na ziwa linajikunja mbele yangu kama kitambaa cha altare. Raha gani!

Sauti ya Blanchard ikaniamsha. Jirani yangu huyu alikuja kumwambia mke wangu Georgette kwamba wale wanaopeleka matoleo kanisani kwa kucheza wamemweka yeye mbele. Mahali pangu! Na kikapu changu! Miaka yote mimi ndiye ninayetangulia kwenda altareni, hatua mbili mbele, moja nyuma. Blanchard hurudi nyuma wakati wenzake wanakwenda mbele.

Alileta na papai. Mgonjwa wa sukari anapelekewa papai! Nimelila lote kwa hasira.

Jumatano, 14 Agosti

Wazo! Viatu vyangu vyeusi vyenye ncha, ngozi ya kweli. Nimekata shimo ndani ya kile cha kulia, pale kidonda kinapokaa, nikajaza sponji ya godoro. Uzito utapita pembeni, kidonda kitalala. Colette angenipigia makofi.

Georgette hakupiga makofi. Alinivua kiatu, akakaa nacho mapajani, akasema polepole, "Miye niliolewaka na bwana wa miguu mbili. Wa mumoja sijue namna ya kuishi naye."

Niliogopa. Kweli niliogopa. Kisha akaenda kuvificha viatu, akarudi na unga kwenye kiwiko. Gunia la unga wa muhogo, basi. Hofu ikaisha.

Ijumaa, 16 Agosti

Tipoyi! Mbona sikufikiri mapema? Nisipokanyaga, nibebwe! Zamani machifu walibebwa kitini juu ya miti miwili, na sijasikia hata chifu mmoja mwenye kidonda mguuni. Nimeongea na wapwa zangu Hugues na Destin na rafiki zao wawili, vijana wa mpira, mabega mazuri. Kiti cha plastiki, miti miwili ya mikaratusi, kamba. Nitapita juu ya kichwa cha Blanchard.

Nilimweleza Georgette. Akafikiri kidogo, akafurahi, akanipigia koti pasi huku akiimba. Kuhusu viatu hakuuliza, na mimi si mtu wa kusema ovyo.

Jumapili, 18 Agosti

Naandika kitandani.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Georgette alitangulia na kwaya. Vijana waliniinua, wakaanza kupanda ile barabara yetu iliyosimama kama ngazi. Ukungu ulikuwa bado chini. Nilikuwa juu yake, mabati ya nyumba chini yangu, miguu ya wabebaji siioni. Ndoto yangu ya Jumanne, na macho wazi! Akina mama walisimama kando, wengine wakainama. Askofu alibaki chini ya kitanda. Miguuni nilikuwa na vile vyenye ncha, vyenye unga kidogo. Mtu anayebebwa hakanyagi, kwa hiyo kiatu ni pambo tu. Hapo nani atanilaumu?

Mlangoni pa kanisa, Maman Eulalie wa protokoli, anayepanga watu ibadani, alisimamisha tipoyi kwa mkono mmoja. "Matoleo inafikaka kwa Mungu na miguu ya mwenyewe, Papa Firmin. Kama mguu inakatala, ikala ku benchi. Mungu atakuona tu."

Nikakaa. Kwa heshima zote, nikakaa! Mpaka ngoma ikalia. Blanchard akainua kikapu, wote wakaenda mbele, yeye akarudi nyuma. Nani angevumilia? Niliinuka, nikamnyang'anya.

Mbili mbele, moja nyuma. Haikuuma hata kidogo. Sijawahi kucheza vile, nilikuwa mwepesi, vigelegele vikanibeba mpaka altareni. Wakati wa kurudi nikaona Georgette ameacha kuimba. Alikuwa akitazama sakafu. Kwenye vigae nyuma yangu kulikuwa na alama nyekundu. Mbili mbele, moja nyuma.

Blanchard alinitoa nje mgongoni, akihema, mtu wa umri wake. Kwenye ngazi alinishusha, akasema, "Ile nafasi nilikuwa nakulindia tu. Miye sijue kucheza, unajua." Uongo wa waziwazi! Na macho yake yalikuwa na maji. Jasho, nadhani.

Jumanne, 20 Agosti

Shimo limekuwa pana kuliko la Julai. Colette hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Walipiga picha ya mguu. Mfupa bado ni mzima. Safari hii, alisema. Kisha akanifunga plasta ngumu, kama ya mfupa uliovunjika, mpaka chini ya goti, kwa sababu plasta mtu haivui mwenyewe. Georgette alinishika mkono muda wote. Vidole vyake vilikuwa baridi. Nilitaka kumwomba msamaha. Nitamwomba.

Blanchard amekuja na papai jingine. Amesema kikapu kitaningojea mpaka Noeli. Mjanja huyu!

Sasa ni jioni. Vumbi limetulia, Idjwi imetokea, ziwa limelala kama linanisubiri mimi. Georgette yuko jikoni. Nimeteremsha mguu kutoka kwenye kigoda, nikajaribu plasta sakafuni, taratibu. Mbili mbele, moja nyuma.

Ngumu kabisa. Na haiumi hata kidogo.